Maua "ya Kipolandi" sio nyekundu na nyeupe tu jamani

Kila nikiona mtu kaposti shada lake la "staili ya Polandi" ni waridi jekundu, waridi jeupe, utepe juu, kamaliza. Sasa hiyo si bendera tu jamani, vazi liko wapi? Polandi haina vazi moja la asili, kila sehemu ina lake. Ukitaka la mji wa Łowicz angalia ile sketi yao ya sufu, wenyewe wanaiita pasiak, milia ya chungwa, kijani, zambarau, nyekundu imelala bega kwa bega kama kikoi kilichochangamka, ndo maana shada la namna hiyo mi napanga maua kwa mistari ya rangi na nayabananisha mpaka majani hayaonekani. Mji wa Kraków ni habari nyingine kabisa, huko ni vizibao vya mahameli vilivyodariziwa shanga, maribon marefu, na shingoni mikufu ya marijani nyekundu, na ya ukweli ilikuwa ghali.

Afu kuna hii ya "maua ya karatasi ni feki, ni ya wasio na hela ya maua fresh". Hapana bwana. Kule baridi inakula miezi, na Jumapili ya Matawi inafika bustani bado hazijaamka, mitende yenyewe haioti, kwahiyo watu walijitengenezea "mitende" yao kwa vijiti, maua makavu na maua ya karatasi. Kijiji cha Lipnica Murowana wanashindana kabisa nani wake mrefu, na kuna iliyopita mita 30! Na kazi ya karatasi sio ya kitoto, jaribu uone: unakata petali kwenye karatasi ya krepu, unaishika kwa vidole gumba viwili, unavuta katikati taratibu mpaka inabonyea kama kijiko, ndo unaizungushia kwenye waya, ukiwa na pupa inachanika mkononi unaanza upya.

Wengine watakwambia zile nyumba zilizochorwa maua za kijiji cha Zalipie ni za tangu enzi na enzi. Sio za kale kivile, ni mambo ya mwisho wa karne ya 19. Nyumba zilikuwa hazina dohani za maana, moshi unajaa masizi ukutani, kina mama wakawa wanapiga madoa ya chokaa kuficha weusi, madoa yakaja kuwa maua. Mchoraji wa hapo kijijini, Felicja Curyłowa, alipaka maua nyumba yake karibu yote, leo ni makumbusho, na mashindano ya nyumba zilizochorwa yalianza 1948.

Ila inayonichekesha zaidi ni ya taji la maua, eti kila mwanamke kwenye harusi avae. Kwa desturi yao taji ni la msichana ambaye hajaolewa, bibi harusi analivaa, lilisukwa hata kwa majani ya ruta au rozimari, afu usiku kwenye mila ya harusi inayoitwa oczepiny wanawake walioolewa wanamvua na kumvisha kofia ya wake za watu, bas, usichana umeishia hapo. Sasa we umemvisha taji mama mkwe! Siku hizi Juni pale Kraków watu wanavaa tu kwenye sherehe ya mataji mtoni Wisła, hakuna anayeuliza cheti cha ndoa, lakini ukisema harusi yako ni ya kimila kweli, mama mtafutie ile skafu ya sufu yenye mawaridi makubwa.