Koni barabarani: tubishane vipi kuhusu njia za muda za baiskeli?

Tarehe 25 Machi 2020, katika wilaya ya Friedrichshain-Kreuzberg mjini Berlin, mstari wa njano ulichorwa juu ya lami ya barabara iitwayo Hallesches Ufer, vikingio vya rangi nyekundu na nyeupe vikapangwa kando yake, na safu moja ya magari ikawa njia ya baiskeli. Hakuna aliyechimba, hakuna aliyemwaga zege. Siku chache kabla yake Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulikuwa umeanza kufanya jambo hilohilo, na chini ya meya wake Claudia López njia hizo za muda zikavuka kilomita 80. Bogotá ilikuwa na uzoefu: tangu 1974 imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake siku za Jumapili ili watu watembee na kuendesha baiskeli, kwa hiyo kupanga vizuizi na kuelekeza magari kwingine halikuwa jambo geni kwa watumishi wa jiji. Sababu ya haraka hiyo ilikuwa moja pande zote mbili. Korona ilikuwa imeingia, watu waliogopa kubanana ndani ya mabasi na treni, lakini wauguzi, wauzaji wa vyakula na wafagiaji walitakiwa wafike kazini.

Miezi michache baadaye miji mingi ya Ulaya ilikuwa na koni barabarani, na ubishi ukawa umepamba moto. Wenye maduka walilalamika kwamba wateja hawana pa kuegesha. Madereva walilalamika foleni. Waendesha baiskeli walisema kwa mara ya kwanza wanamruhusu mtoto wao apite barabara kubwa. Ubishi huo nimeufuatilia tangu siku zile kwa sababu kazi yangu ni kufundisha upangaji wa usafiri mijini, na kwa sababu unatuhusu. Miji yetu nayo inapanua barabara, inahamisha vituo, inafunga mitaa kwa majaribio, na kila mara maneno huwa yaleyale.

Ninavyoielewa mimi, njia ya muda ni swali ambalo mji unaiuliza barabara yake: tukikupunguzia nafasi ya magari hapa, nini kitatokea? Uzuri wake ni kwamba swali hilo linaulizwa kwa gharama ya rangi na plastiki, na likijibiwa vibaya, koni zinapakiwa kwenye lori. Lakini swali lisilo na namna ya kujibiwa ni upotevu wa rangi. Koni zibaki au ziondoke, hakuna aliyejifunza chochote. Ameshinda tu mwenye sauti kubwa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Kensington High Street, London. Ni barabara ya maduka, yenye magari mengi, na baraza la eneo liliiwekea njia ya muda ya baiskeli kwa nguzo nyembamba za plastiki katika vuli ya 2020. Mwanzoni mwa Desemba nguzo ziling'olewa. Njia iliishi wiki saba hivi. Baraza lilieleza kuwa limesikiliza malalamiko ya wakazi na wafanyabiashara. Sasa tazama kalenda. Kuanzia 5 Novemba hadi 2 Desemba mwaka huo, England ilikuwa chini ya zuio la pili la Korona, na maduka yasiyouza bidhaa za lazima yalikuwa yamefungwa. Yaani kwa wiki nne kati ya hizo saba, mengi ya maduka ya barabara ile yasingeweza kupata mteja wa gari, wa baiskeli, wala wa miguu. Aliyesema njia imeua biashara hakuwa na ushahidi. Aliyesema haikuiua naye hakuwa nao. Swali liliulizwa siku ambayo barabara haikuwa na uwezo wa kujibu, kisha likafutwa.

Tatizo la muda nalo ni kongwe kuliko Korona. Mjini Vancouver, Kanada, kuna daraja la Burrard. Mwaka 1996 jiji lilitenga safu moja ya daraja hilo kwa baiskeli, kwa jaribio lililopangwa kudumu miezi sita. Hasira za madereva zililifuta baada ya wiki moja. Mwaka 2009, Julai, jiji likajaribu tena daraja lilelile, safari hii likavumilia, na njia ikabaki hadi ikajengwa ya kudumu. Sidai kwamba wiki ya kwanza ya 1996 ilikuwa nyepesi kwa madereva. Wiki ya kwanza huwa ngumu kokote. Dereva anayepita daraja kila siku huja na mazoea yake, anakuta safu imepungua, anapanga foleni, na kesho yake anarudi tena kwa kuwa bado hajatafuta njia nyingine wala hajabadilisha saa ya kuondoka nyumbani. Mabadiliko hayo huchukua wiki kadhaa. Ukipima siku saba za mwanzo unapima mshtuko peke yake. Miezi sita ndiyo ninayowashauri wanafunzi wangu kama kima cha chini, na kwetu lazima ndani yake uwemo msimu wa mvua.

Turudi Berlin, maana huko ubishi ulifika mahakamani, na hukumu zake zafaa kusomwa na kila mhandisi wa manispaa. Mwanasiasa mmoja wa upinzani alifungua shauri dhidi ya njia nane za muda. Septemba 2020 mahakama ya utawala ikakubaliana naye katika maombi ya dharura: sheria ya usalama barabarani inaruhusu hatua kama hizo pale penye hatari inayoonyeshwa kwa kila barabara, na Korona si hatari ya barabarani. Mji haukuwa umeonyesha hatari hiyo. Watu wengi wakaandika kwamba njia za muda zimekwisha. Mwezi uliofuata mahakama ya juu ikasimamisha amri ile, kwa kuwa safari hii serikali ya jiji iliwasilisha hesabu za magari na takwimu za ajali za barabara husika. Koni zilikuwa zilezile, mahali palepale. Kilichobadilika ni daftari la hesabu. Laiti lingepelekwa mapema, watu wa Berlin wasingeishi mwezi mzima wakijiuliza kama kesho wataikuta njia yao.

Na wenye maduka? Hawa nataka nikae nao kidogo, maana hofu yao ni ya kweli, na mara nyingi wataalamu huipita juujuu. Mtu aliyelipia fremu kodi ya miezi sita mkupuo hawezi kuambiwa angoje aone. Lakini hofu ya kweli yaweza kusimama juu ya makadirio yasiyo ya kweli. Kottbusser Damm ni mtaa wa maduka mjini Berlin, katikati ya Kreuzberg na Neukölln, nao uliwekewa njia ya muda mwaka 2020. Mwaka mmoja kabla ya hapo watafiti walikuwa wamewahoji wafanyabiashara na wateja wa mtaa huo na wa Hermannstraße, ambao upo jirani. Wafanyabiashara walikadiria kwamba asilimia 21.6 ya wateja wao huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 6.6. Nusu ya wateja walikuwa wanaishi ndani ya kilomita moja. Watafiti waligundua pia kwamba mwenye duka anayekuja kazini kwa gari ndiye anayeelekea kuwaona wateja wake kuwa ni wa magari. Jambo hilo si la Wajerumani pekee: uchunguzi wa mwaka 2006 mjini Bristol, Uingereza, ulikuta wenye maduka wakikadiria asilimia 41 huku ukweli ukiwa 22.

Sisemi hili ili kuwasuta. Mteja wa gari huonekana: anapiga honi, anatafuta pa kuegesha, anamwambia mwenye duka "leo nimehangaika kweli." Mama aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa pili analipa, anabeba mfuko wake na kwenda zake. Ukiwa nyuma ya kaunta siku nzima, unamkumbuka yupi? Ndiyo maana kumwuliza mfanyabiashara peke yake hakutoshi, na kumpuuza ni kosa kubwa zaidi. Mwombe akubali wateja wake waulizwe mlangoni kwake wiki mbili kabla ya koni kufika. Na kama anauza friji au mifuko ya saruji, msikilize kwa namna ya pekee, kwa sababu bidhaa hizo zinahitaji gari la kupakia, na njia inayomnyima dakika kumi za kushusha mzigo imepangwa vibaya.

Kuhusu foleni nitasema kwa ufupi. Watafiti wa Uingereza walikusanya zaidi ya visa 70 vya barabara zilizopunguzwa nafasi katika nchi 11, na katika nusu ya visa hivyo magari ya eneo zima, pamoja na barabara za jirani, yalipungua kwa zaidi ya asilimia 10. Mengine yalihama saa, mengine njia, na safari nyingine ziliachwa. Lakini zipo barabara ambazo foleni ilihamia mtaa wa nyuma, mbele ya shule au zahanati. Anayepima barabara kuu tu hataliona hilo.

Ipo hoja nyingine ambayo wapenzi wa baiskeli, nami nikiwa miongoni mwao, hatuipendi. Asiyeona, anayetumia kiti cha magurudumu, mzee anayeshushwa na teksi mlangoni: hawa huumizwa na njia iliyopangwa kwa haraka. Januari 2021 vyama vya madereva teksi wa London vilishinda Mahakama Kuu dhidi ya mpango wa jiji wa mabadiliko ya barabara, na jaji alitaja uzito mdogo uliopewa watu wenye ulemavu wanaotegemea teksi. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Jiji lilishinda, ila swali la mzee yule wa teksi halijajibiwa na ushindi wa mahakamani. Linajibiwa na fundi anayeacha sehemu ya kushushia abiria na kuhakikisha asiyeona hakuti kikingio mahali ambapo fimbo yake haikitarajii.

Je, njia hizo ziliongeza waendesha baiskeli? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha miji 106 ya Ulaya na kukuta kwamba pale zilipowekwa, uendeshaji uliongezeka kwa kati ya asilimia 11 na 48. Ni matokeo mazuri, lakini pengo kati ya 11 na 48 ni kubwa, na hesabu zile ni za miezi ya mwanzo ya Korona. Mwananchi anayetajiwa namba ya juu peke yake adai na ya chini.

Kwetu Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, barabara iliyojengwa ilikuja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Pita leo uone: bodaboda wanakatiza humo saa za foleni, na sehemu nyingine kuna meza za bidhaa. Wapo wanaosema basi, watu wetu hawataki baiskeli. Mimi naona meza ile inatueleza jambo: machinga haweki bidhaa pasipopita watu. Nairobi nayo mwaka 2019 iliifanya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, kuwa ya mwelekeo mmoja na kupanua nafasi ya wanaotembea. Kabla ya kusema ya kwetu imeshindwa au ya kwao imefaulu, ningetaka kuona waliopita kabla na waliopita baadaye, wakiwa wamehesabiwa kwa namna ileile.

Na kuhesabu nako kuna mitego. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi kwenye makutano ya barabara wakiwa na fomu tuliyokuwa tukiitumia siku zote. Ilikuwa na mistari ya gari dogo, daladala, lori, pikipiki, baiskeli, mtembea kwa miguu. Jioni binti mmoja akaniuliza wale wauza madafu alipaswa kuwaandika wapi. Baiskeli iliyosheheni madafu haiendeshwi, husukumwa, na inahitaji upana kuliko ile inayoendeshwa. Na guta? Na mkokoteni wa maji? Yeye aliwaweka kwenye "mengineyo", wenzake waliwaacha kabisa. Barabara ile ingepimwa upana kwa hesabu yangu, wangekosa pa kupita, na kosa lingekuwa langu. Tangu hapo fomu ina mistari yao.

Kwa hiyo mtaa wenu ukitangaziwa mabadiliko, hamna haja ya kungoja mtaalamu. Chagueni Jumanne, Jumatano au Alhamisi isiyo ya sikukuu, watu wawili kila upande wa barabara, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mkibadilishana zamu kila baada ya saa mbili ili macho yasichoke. Andikeni kila dakika 15 kwenye mstari mpya. Tofautisheni mtoto wa shule na mtu mzima, maana watoto ndio wa kwanza kutoweka barabara ikiwa ya hatari. Hesabuni na mtaa wa nyuma. Rudieni siku nyingine ya mvua. Kisha pelekeni karatasi hizo kwenye mkutano wa mtaa kabla koni ya kwanza haijashushwa, muombe zisomwe na kuingizwa kwenye muhtasari, na mwulizeni mhandisi atarudi kuhesabu lini, na ni matokeo gani yatakayomfanya aziondoe.