Damu Nzito na Mishipa ya Moyo: Maswali ya Wakazi wa Mwanza

Nimeambiwa nina damu nzito. Nzito kiasi gani?

Hata damu ya mtu mwenye afya ni nzito kuliko maji, kama mara nne hivi; uzito hapa ni unata, yaani ugumu wa kutiririka, si kilo. Kinachoizidishia uzito hasa ni wingi wa chembe nyekundu. Kwa mwanaume hujaza takriban asilimia 40 hadi 50 ya damu; kwa mwanamke, 36 hadi 46. Zikifika 60, unata huwa umekaribia maradufu. Kwa hiyo neno "nzito" bila namba halitoshi. Omba kipimo cha picha kamili ya damu, uangalie himoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) na hematokriti, yaani ile asilimia ya chembe nyekundu.

Moyo unaathirikaje?

Ateri za moyo huanza na upana wa milimita 3 hadi 4 tu. Ukiwa umetulia, moyo hujilisha kwa kama mililita 250 za damu kila dakika, na hunyonya karibu robo tatu ya oksijeni iliyomo. Misuli mingine ikizidiwa kazi hunyonya zaidi kutoka damu ileile. Moyo hauna akiba hiyo. Lazima damu ije nyingi zaidi.

Unata ukiongezeka maradufu, ukinzani, yaani nguvu inayozuia damu kupita, nao huongezeka maradufu. Mshipa wenye afya hujitanua kufidia. Uliojaa mafuta ukutani hauwezi, na hapo hesabu ni kali: upana ukipungua nusu, ukinzani hupanda mara 16. Ndiyo maana tunaogopa zaidi mshipa uliosinyaa kuliko damu nzito peke yake. Vikikutana ndipo pabaya. Tazama uji wa ulezi: ukikorogwa hutiririka, ukiachwa hushika. Damu nayo ikienda polepole, chembe nyekundu hupangana kama sahani kabatini, zikiunganishwa na protini iitwayo fibrinojeni, na unata unazidi.

Naanika dagaa Igombe kutwa nzima. Jua linachangia?

Linachangia. Jasho hupunguza maji ya damu, chembe zinabaki zilezile. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakushika. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi unaonyesha umechelewa. Maji ya ziwa yachemshe kwanza. Ukiharisha, tumia chumvichumvi za ORS, pakiti ya lita moja kwa lita moja kamili. Mwenye moyo ulioshindwa kazi au ugonjwa wa figo aulize kwanza kiwango chake.

Si ninunue aspirini tu?

Hapana. Aspirini huzuia chembe sahani zisishikane na kugandisha damu, unata haiugusi. Jina "dawa ya kuyeyusha damu" limepotosha wengi, na wengine wameishia na tumbo linalovuja damu. Ila kama uliandikiwa na daktari, usiiache ghafla.

Basi inapunguzwaje?

Kwa kutibu chanzo. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi inayokalia himoglobini, mwili ukajibu kwa kuzalisha chembe zaidi: acha sigara. Kwenye polisitemia vera, ugonjwa wa uboho unaozalisha chembe nyekundu kupita kiasi, hospitali hutoa damu kwa awamu mpaka hematokriti ishuke chini ya asilimia 45. Kuchanjwa chale mtaani si tiba hiyo.

Mwanangu ana selimundu na damu yake ni pungufu. Inakuwaje nzito?

Chembe zake ni ngumu, hazipindi kupita penye wembamba. Ndiyo maana madaktari huepuka kumwongezea damu hadi himoglobini ipite gramu 10 kwa desilita: kuzidisha huongeza unata.

Kifua kikibana je?

Maumivu yakienda begani, mkononi au tayani, pamoja na jasho la baridi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kuona kama maji yatasaidia.