Nani amekagua toleo kabla halijapanda?

Nikiitwa kuangalia mradi wa programu unaosuasua, siombi kuonyeshwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwanza. Naomba nione toleo jipya linavyopandishwa kwenye seva, kompyuta inayoendesha programu: nani anapandisha, nani anamkagua, na mambo yakiharibika nani anajua namna ya kurudisha toleo la zamani. Timu inaweza kuwa na vikao vizuri kila asubuhi, na bado kazi hii ikawa ya mtu mmoja peke yake usiku.

Kisa ninachopenda kuwapa wanaoanza kazi ni cha Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Msimbo wao mpya ulitakiwa uanze kazi tarehe 1 Agosti 2012, kwenye seva nane. Fundi akaupandisha kwenye saba, ya nane ikasahaulika. Hakukuwa na fundi wa pili wa kuhakiki. Kumbe swichi ya kuwasha msimbo huo ilikuwa ileile iliyowahi kuwasha kazi ya zamani iliyoitwa Power Peg, ambayo ilikuwa imeachwa tangu 2003 ila hakuna aliyeifuta. Soko lilipofunguliwa, seva saba zikafanya kazi sawasawa. Ya nane ikafufua Power Peg na kuanza kumwaga oda bila kikomo. Kwa dakika kama 45 hivi, miamala zaidi ya milioni 4 ilikuwa imepita. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Kinachonikera zaidi kwenye kisa hiki kilitokea kabla ya soko kufunguliwa. Mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja hitilafu ya Power Peg. Zilipokewa, hazikufanyiwa kazi. Kisha katikati ya taharuki wakauondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, na Power Peg ikaamka huko nako.

Wengi wakisikia hivyo humlaumu fundi. Mimi naona timu iliyokubali msimbo mfu ubaki, swichi itumike upya, kazi isihakikiwe, na tahadhari zitumwe kwa kundi zima, maana yake zisiwe za mtu yeyote.

Sisi wa huku hatuuzi hisa kwa kasi hiyo, lakini tunapokea malipo ya simu. Mteja akilipa, mtandao wa simu unaleta taarifa kwenye seva yako, nawe unamwongezea salio. Anayeanza ataandika hivyohivyo: pokea, ongeza. Atajaribu kwa kutuma malipo mara moja, yatapita, naye ataomba ukaguzi. Mkaguzi mzuri hapo ana swali moja tu: "Taarifa ikija mara mbili je?" Kwa sababu inakuja. Seva yako ikichelewa kujibu, taarifa ileile inaweza kuletwa tena, na mteja wa elfu kumi akajikuta na salio la elfu ishirini. Huyu hapigi simu kulalamika, kwa hiyo kosa utakuja kuliona mwisho wa mwezi hesabu zinapogoma kukubaliana. Dawa ni kuhifadhi namba ya muamala na kuiamuru hifadhidata yenyewe, mahali kumbukumbu zinapotunzwa, ikatae namba iliyokwisha kuingia. Kuangalia kwenye msimbo kama namba ipo hakutoshi, maana taarifa mbili zikigonga kwa pamoja zote zitaambiwa haipo.

Angalia pia swali lilivyoulizwa. "Umekosea hapa" ingemfanya mwenzako ajitetee, "ikija mara mbili je?" inamfanya afikiri, na wiki ijayo atamuuliza mwingine vilevile. Ndivyo ujuzi unavyosambaa kwenye timu, kuliko semina yoyote niliyowahi kukalia.

Tatizo letu kubwa ofisini ni heshima. Kijana hathubutu kuandika neno chini ya msimbo wa bosi. Kwa hiyo nikiongoza timu, kazi yangu mwenyewe namkabidhi mdogo kuliko wote aikague, na simruhusu anijibu "iko poa, bro". Anieleze kwa maneno yake mabadiliko yanafanya nini. Akishindwa kueleza, mara nyingi ni mimi niliyeandika vibaya. Na mabadiliko yawe madogo: ukimrushia mtu mistari elfu mbili Ijumaa saa kumi na moja jioni, hata malaika ataandika "iko poa" aondoke zake.

Kuhusu tahadhari, napanga zamu. Kila wiki jina moja linaandikwa ukutani, na huyo ndiye anayezisoma zote, hata zile za kila siku zisizo na maana. Akiona moja inajirudia bila sababu, ana ruhusa ya kuizima bila kuniuliza, mradi aandike kwa nini ameizima.