Kipimo cha mishipa ya shingo: tunayoyasikia Moshi na yaliyo kweli

"Mwanangu, hicho si kipimo cha wajawazito?" Wazee wengi wanaoshuka mjini Moshi kupimwa huniuliza hivyo wakihisi jeli ya baridi shingoni. Nawaelewa, kwa sababu wengi wetu tuliijua altrasaundi kupitia kliniki ya wajawazito. Lakini mashine hutuma tu mawimbi ya sauti tusiyoweza kuisikia, kisha husoma mwangwi unaorudi, uwe umegonga mtoto tumboni au ukuta wa mshipa shingoni. Haina mionzi wala sindano, na kwa kawaida nusu saa inatosha.

Tunachotafuta shingoni ni plaki, mkusanyiko unaobana mshipa na unaoweza kuleta kiharusi. Wengine husema ni mafuta yaliyonata ndani ya mshipa kama masizi kwenye bomba la moshi, hivyo maji ya limau na kitunguu saumu yatayasafisha. Hapana. Kila upande wa shingo una mshipa mkubwa unaopanda na kugawanyika karibu na taya: tawi moja huenda kwenye ubongo, jingine usoni. Aliyekulia kando ya mifereji ya Uchagani anajua kwamba mfereji unapogawanyika maji huzunguka na tope hutulia. Mshipani nako, damu huvurugika mwendo kwenye njia panda hiyo, ukuta huathirika taratibu kwa miaka, na mafuta, seli na baadaye chokaa hujikusanya ndani ya ukuta wenyewe. Hakuna kinywaji kinachoingia humo kukwangua. Kuchuliwa shingo nako ni hatari kwa mwenye plaki, kwa sababu kipande kinaweza kumeguka kikaenda kwenye ubongo. Jambo hili huniogopesha kila ninaposikia mtu akisifia mkandaji wa shingo.

Wapo wanaodhani picha peke yake ndiyo inayotupa jibu. Tunapima pia kasi ya damu, kwa njia inayobeba jina la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria aliyeieleza mwaka 1842. Simama kando ya barabara ya Arusha pale Boma Ng'ombe usikilize basi linalopiga honi: likikukaribia sauti ni nyembamba, likishapita inakuwa nzito. Damu inayokimbia hubadilisha mwangwi vivyo hivyo. Mfereji ukibanwa, maji hukimbia. Kwa vipimo vinavyotumiwa sana, kasi inayozidi sentimita 125 kwa sekunde hutufanya tushuku mshipa umeziba nusu au zaidi, na inayozidi 230 hutufanya tushuku asilimia 70 au zaidi.

"Plaki ikionekana lazima nipasuliwe." Si kweli. Wengi hutibiwa kwa dawa za presha, za kupunguza lehemu (mafuta kwenye damu) na za kuzuia damu kuganda, pamoja na kuacha sigara. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini ulionyesha mwaka 1991 kwamba upasuaji huwasaidia waziwazi wale waliokwisha kupata dalili za kiharusi na ambao mshipa wao umeziba kwa asilimia 70 hadi 99. Na asilimia si kila kitu. Plaki laini yenye mafuta mengi, ambayo skrini huionyesha nyeusi, huweza kupasuka kwa urahisi kuliko ile ngumu yenye chokaa inayong'aa.

Basi kila mtu apimwe? Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilipinga jambo hilo kwa watu wasio na dalili mwaka 2014, na mwaka 2021 likarudia msimamo huo. Majibu ya kutisha yasiyo sahihi huweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji ambao wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Na shingo safi haikuhakikishii usalama: presha inaweza kupasua mshipa mdogo ubongoni, na moyo usiopiga sawasawa unaweza kurusha bonge la damu. Kwa wengi wetu, mashine ya presha inastahili kutangulia hii yangu.

Dhana inayoniumiza zaidi ni "ilipita yenyewe." Mama anaangusha kikombe, mdomo unakwenda upande, maneno yanakwama, na baada ya dakika kumi yuko sawa. Nyumbani wanasema ni uchovu, au upepo mbaya, au mtu kamtupia jambo. Wanamwombea, na maombi ni mema, ila hospitali wanakuja baada ya wiki tatu, safari hii amebebwa. Hicho kilikuwa kiharusi cha muda mfupi, na siku mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kufuatwa na kile kikubwa. Huyo ndiye ambaye shingo yake inatakiwa kupimwa haraka, hata kama mkono umerudi na nguvu zote.

Mkifika, msiseme tu "alizidiwa." Tuambieni ni mkono upi ulioishiwa nguvu, na kama jicho liliingia giza, ni lipi. Mkono wa kulia huelekeza kwenye mshipa wa kushoto. Jicho la kushoto nalo huelekeza kwenye mshipa huohuo wa kushoto.