Je, wajua kwa nini djembe ya Guinea inapigwa hadi hoteli za Zanzibar?

Keti jioni kwenye hoteli ya ufukweni, Zanzibar au Diani, na huenda ukasikia djembe: ngoma yenye umbo la kinu, iliyowambwa ngozi ya mbuzi, inayopigwa kwa viganja. Mtalii hudhani ni ya kwetu. Asili yake ni kwa Wamalinke wa Afrika Magharibi, na mmoja wa waliohangaika sana kuitembeza duniani alikuwa rais.

Mwaka 1958 Guinea ilimkatalia De Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, kwenye kura ya maoni ya kubaki chini ya Ufaransa, ikajitawala tarehe 2 Oktoba. Wafaransa wakaondoka kwa hasira. Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, alibaki na hazina tupu na hana jeshi la kumtisha mtu, ila wachezaji ngoma alikuwa nao. Kundi la Ballets Africains, alilolianzisha Mguinea Fodéba Keïta huko Paris, likafanywa mali ya taifa. Mwaka 1959 lilikuwa jukwaani New York.

Lakini ngoma ya kijijini haibebeki hivi hivi. Kijijini watu husimama duara, mwenye hamu huingia kati, na ngoma hukesha. Ukumbini mtazamaji kakaa upande mmoja, kalipa tiketi, na ana treni ya kuwahi. Basi duara likafunguliwa, mkesha ukabanwa kuwa dakika chache, na ngoma za Wasusu, Wamalinke na Waloma zikapangwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Famoudou Konaté, fundi wa djembe kutoka kijijini, alipiga kwenye kundi hilo tangu 1959 hadi 1985. Ladji Camara, mpiga djembe mwingine wa kundi hilo, yeye alibaki Marekani, akawa mwalimu wa djembe.

Sasa kioja. Miaka hiyohiyo, kule kwenye misitu ya Guinea, serikali ilipiga vita unyago na mizimu. Vinyago vilinyang'anywa, vingine vikachomwa, siri zake zikaanikwa mbele ya wasiopaswa kuziona. Ughaibuni, vinyago vya namna hiyo vilipigiwa makofi. Wengi huuita unafiki. Mimi naona hesabu: kinyago cha kijijini kilikuwa na wazee nyuma yake, na wazee hao walishindana na chama kwa utii wa watu. Cha jukwaani hakikuwa na mzee wala utii, kilibaki na uzuri mtupu.

Keïta mwenyewe alipanda hadi uwaziri. Mwaka 1969 alikamatwa, akafungwa katika gereza la Camp Boiro, Conakry, na akauawa. Kundi lake liliendelea na ziara.