Slipu ya mshahara haitoshi: soma masharti ya viza yako ya Uingereza

Tangu hadhi za wahamiaji Uingereza zihamie mtandaoni na kadi za ukaazi kuisha muda mwishoni mwa 2024, dawati letu la ushauri linapokea wengi ambao hawajawahi kufungua akaunti ya viza yao. Mama anakunjua slipu ya mshahara mezani, kidole juu ya makato ya Bima ya Taifa (National Insurance, mchango wa lazima wa mfanyakazi): "Nakatwa kila mwezi. Mbona mwanangu hapewi posho?"

Swali ni la haki, ila jibu halimo kwenye slipu. Ujerumani, michango ya pensheni ya miaka 5 hukupa haki ya pensheni ya uzeeni, uwe raia au mgeni. Sweden hutazama makazi: mwenye kibali anayetarajiwa kukaa mwaka au zaidi huandikishwa kama mkazi, na mafao mengi huanzia hapo. Uingereza hutazama kwanza sharti la viza.

Mwenye sharti la kutotumia fedha za umma hapati Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), Child Benefit (posho ya mtoto) wala nyumba ya halmashauri. Lakini shule ya serikali na matibabu si fedha za umma kisheria, na inasikitisha kuona mjamzito anakwepa kliniki kwa hofu ya kuvunja sharti hilo. Malipo ya uzazi ya mwajiri nayo hayamo kwenye katazo hilo, wala pensheni ya serikali, inayotaka angalau miaka 10 ya michango.

Wenye viza ya njia ya familia au maisha binafsi (inayotokana na ndugu au maisha waliyojenga Uingereza) wanaweza kuomba sharti liondolewe, mtandaoni, bila ada. Thibitisha kuwa huna makao au riziki, au uko karibu kufika huko, au kipato duni kinamwumiza mtoto. Ambatisha mkataba wa pango, slipu, barua za madeni na taarifa za akaunti zote za benki, hata ile yenye pauni 3. Usidai fao lolote kabla ya kupata idhini: ni kuvunja sharti la viza, ni kosa la jinai, na huweza kukukwamisha unapoongeza muda.

"Jirani yangu anapata" si hoja, tumelisema mara nyingi mno. Jirani huenda ni mkimbizi aliyekubaliwa, naye hana sharti hilo.

Kama mwenzi wako ni raia au ana ukaazi wa kudumu, huenda posho ya mtoto ni haki yake kuidai. Kila faili husomwa peke yake, kwa hiyo njooni wote wawili kabla ya kujaza fomu.