Kesi Uliyoitazama Jana Huenda Ilishapata Jibu

Kwenye maduka ya muvi hapa Kisumu, vipindi vya kesi zisizotatuliwa huingizwa kwenye flashi kwa mkupuo, vya zamani na vipya pamoja. Watu wakishatazama, huamini kwamba kila aliyetajwa bado hajapatikana. Si lazima iwe hivyo.

Chukua mfululizo wa Unsolved Mysteries. Ilianza Marekani kwenye kituo cha runinga cha NBC mwaka 1987, na kwa miaka mingi iliongozwa na Robert Stack. Watazamaji walikaa mbele ya runinga saa ileile, mwenye fununu akapiga simu, na kesi ikipata jibu waliambiwa katika kipindi cha baadaye. Tangu 2020 iko Netflix, ambako unajichagulia wakati na kipindi. Kipindi kikinakiliwa kwenye flashi, mwaka wa kurekodiwa mara nyingi hata hauonekani.

Mfano unaonigusa sana ni wa msichana wa Illinois, aliyetoroshwa na mama yake mwaka 2017 akiwa na miaka 9. Kisa chake kilioneshwa kwenye Unsolved Mysteries ya Netflix mwaka 2022. Mei 2023, mtu aliyekuwa dukani huko Asheville, North Carolina, alimtambua yule mama, polisi wakaitwa, na binti akapatikana akiwa na miaka 15. Anayetazama kipindi hicho bila taarifa hizo atamlilia mtoto aliyekwisharudi kwa baba yake.

Kwa hiyo kabla ya kusambaza picha ya mtu kwenye WhatsApp, tafuta kwanza habari mpya za kesi hiyo. Bando la dakika mbili linatosha.